Maili Elfu Mezani: Mchezo Mmoja wa Karata na Safari ya Maneno Yake

Tunapotaja istilahi, mawazo ya wasomaji wengi huenda moja kwa moja kwenye sheria, utabibu, ufundi na utawala. Ni haki kuwa hivyo, kwani huko ndiko mahitaji yaliko makubwa. Lakini iko aina moja ya maandishi ambayo mfasiri huidharau mpaka siku anapokabidhiwa aifasiri, nayo ni kanuni za mchezo. Kanuni za mchezo ni sheria ndogo iliyokamilika: hutoa haki, huweka makatazo, hutaja wakati wa kila tendo, na hupanga malipo. Tena ni sheria isiyo na hakimu. Neno likiwa na maana mbili katika sheria ya nchi, ugomvi utangoja mahakama. Likiwa na maana mbili katika kanuni za karata, ugomvi utazuka usiku ule ule, watoto wakiwa wameizunguka meza.

Katika makala haya tumechagua mchezo mmoja wa nyumbani, wa kushindana mwendo, uitwao kwa Kifaransa Mille Bornes. Tutaeleza ulikotoka, unavyochezwa na utamu wake ulipo, na papo hapo tutazame maneno yake yangekaaje katika Kiswahili. Tumeuchagua kwa sababu umekwisha kuvuka bahari mara mbili, na kila ulipovuka watu waliubadilisha maneno au walishindwa kuyabadilisha. Yaliyowapata wao ndiyo yanayotungoja sisi.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba Kiswahili si kigeni katika meza ya karata. Neno karata lenyewe tulilipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1593, na kuipoteza mwaka 1698. Utawala wao uliondoka, karata zao zikabaki. Kopa, shupaza, uru na pau ni maneno yao; turufu ni yao; na ile karata ya saba tunayoiita seti ni hesabu yao ya saba. Haya yanajulikana na wengi. Lisilotazamwa sana ni yale majina ambayo wenyeji waliyatunga wao wenyewe kwa maneno yao wenyewe, yaani mzungu wa pili, mzungu wa tatu na mzungu wa nne.

Mgeni akiambiwa kwamba mfalme huitwa mzungu wa nne, malkia mzungu wa pili, na yule kijana wao mzungu wa tatu, hushangaa, kwa sababu mpangilio huo haufuati cheo. Malkia amewekwaje chini ya kijana? Jibu limo katika hesabu. Katika mchezo wa Kireno wa bisca na jamaa zake, ree ina pointi 11, seti 10, mfalme 4, kijana 3 na malkia 2. Jumla ya karata zote ni pointi 120, na mwenye kupata 61 amekwisha kushinda; ndiyo maana mchezo wa namna hiyo ukaitwa pwani wahedi wa sitini, yaani sitini na moja kwa Kiarabu. Basi mzungu wa nne ni mzungu mwenye pointi nne, na wa pili ni mwenye pointi mbili. Wazee wetu hawakuuliza mchoro unaonyesha nini, taji au upanga. Waliuliza karata hii inafanya kazi gani mezani, wakaipa jina la kazi yake. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwani tutalirudia.

Sasa tuuendee mchezo wenyewe. Asili yake si Ufaransa bali Marekani. Mwaka 1906 ulitolewa huko mchezo wa karata ulioitwa Touring, kazi ya William Janson Roche, ukichapishwa na kampuni ya Wallie Dorr. Mwaka 1925 ukaingia mikononi mwa kampuni ya Parker Brothers. Mwaka 1906 motokaa ilikuwa bado kitu cha wachache. Ile gari ya Ford iliyoteremsha bei na kuwafikia watu wa kawaida, Model T, ilitoka mwaka 1908. Kwa hiyo kusafiri kwa motokaa kulikuwa ni vituko: tairi hupasuka, petroli huisha mbali na duka, magari hugongana. Roche aliyakusanya mashaka hayo akayafanya karata. Kila mchezaji anasafiri kwa karata za masafa, na wenziwe wanamtupia mashaka ili wamcheleweshe.

Mwaka 1954 mchezo wa karibu sana na huo ulitokea Ufaransa kwa jina la Mille Bornes. Aliyeutoa ni Edmond Dujardin wa Arcachon, mji wa pwani ya kusini-magharibi, mtu aliyekuwa akishughulika na uchapaji wa vifaa vya kufundishia udereva. (Wapenzi wa fasihi wasimchanganye na Édouard Dujardin, mwandishi wa riwaya wa karne ya 19.) Kazi yake hiyo inaonekana katika karata: alama za barabarani zimechorwa kama mwanafunzi wa udereva anavyotakiwa kuzijua, na taa nyekundu na ya kijani zimepewa nafasi kubwa. Mchezo wa 1906 usingeweza kuwa na taa hizo, kwani taa za umeme za kuongoza magari ziliwekwa mara ya kwanza Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Michoro ilikuwa ya Joseph Le Callennec. Na kwa kuwa miaka hiyo dunia nzima ilikuwa imeshikwa na canasta, mchezo wa karata uliozaliwa Uruguay, Dujardin aliutambulisha mchezo wake kama canasta ya barabarani. Hapo tunaona jambo ambalo kila mtunga istilahi hulifanya: kumshika mtu mkono kwa neno analolijua ili aingie katika jambo asilolijua.

Wakati ulikuwa mwafaka. Sheria ya mwaka 1936 ilikuwa imewapa wafanyakazi wa Ufaransa majuma mawili ya likizo yenye malipo, na mwaka 1956 likaongezwa la tatu. Magari madogo ya bei nafuu, kama Citroën 2CV iliyoonyeshwa mwaka 1948, yalikuwa yameingia katika nyumba za watu wa kadiri. Kila kiangazi familia zilijipakia na kuteremka kusini kuelekea bahari, wengi wakishika barabara ya taifa namba 7, kutoka Paris hadi Menton mpakani mwa Italia, mwendo wa karibu kilomita 1000. Kandokando ya barabara za Ufaransa husimama mawe ya kuhesabia kilomita, meupe, yenye kichwa cha mviringo kilichopakwa rangi nyekundu katika barabara kuu za taifa na njano katika barabara za chini yake. Jiwe hilo ndilo borne. Katika mazungumzo ya kawaida Wafaransa huitumia borne kwa maana ya kilomita yenyewe. Hivyo mille bornes ni mawe elfu na ni kilomita elfu kwa pamoja, na kila Mfaransa aliyekuwa amekaa nyuma ya gari akihesabu mawe alilielewa jina hilo bila kuelezwa.

Karata za mchezo huu, katika umbo lake la asili, ni 106. Karata 46 ni za masafa: kumi za kilomita 25, kumi za 50, kumi za 75, kumi na mbili za 100, na nne tu za 200. Karata 18 ni za kumdhuru mwenzako: tatu za ajali, tatu za kuishiwa petroli, tatu za pancha, nne za kikomo cha mwendo, na tano za taa nyekundu. Karata 38 ni za kuondoa madhara hayo: sita za matengenezo, sita za petroli, sita za gurudumu la akiba, sita za mwisho wa kikomo, na kumi na nne za taa ya kijani. Zinazobaki ni nne peke yake, kila moja ya namna yake, nazo ndizo roho ya mchezo.

Wachezaji huwa wawili, watatu, au wanne wakiwa wawili wawili. Kila mmoja hugawiwa karata sita. Zamu ikimfikia, huchukua karata moja kutoka rundo la katikati, kisha hana budi kuicheza moja au kuitupa moja, ili mkononi zibaki sita. Hawezi kuanza safari mpaka aweke mbele yake karata ya taa ya kijani. Akishaiweka, anapanga masafa yake, zamu baada ya zamu, mpaka ajumlishe kilomita 1000 kamili, bila kupungua wala kuzidi. Mwenye 950 mkononi ana 100 na 75 hana faida nazo. Anaililia 50 moja, au 25 mbili. Hapo ndipo wale waliotupa karata ndogo mwanzoni kwa dharau hujuta.

Wenziwe nao hawalali. Mtu akiwa njiani, mpinzani aweza kumwekea pancha juu ya taa yake ya kijani, naye husimama. Lazima apate gurudumu la akiba. Na hata akilipata, gari halijaondoka, mpaka aweke tena taa ya kijani. Ndiyo sababu taa hizo ni 14. Kikomo cha mwendo hakimsimamishi mtu, bali humzuia asicheze karata inayozidi kilomita 50, naye hujikokota mpaka apate karata ya mwisho wa kikomo. Na karata za 200, zilizo nne tu, hazichezwi zaidi ya mbili na upande mmoja katika safari moja.

Sasa zile nne. Ziko bingwa wa usukani, ambaye hapati ajali, tangi la akiba, lisiloishiwa petroli, tairi lisilopasuka, na gari lenye haki ya kupita, kama lile la zimamoto, ambalo halisimamishwi na taa nyekundu wala halibanwi na kikomo cha mwendo. Mwenye karata mojawapo akiiweka mezani kwa zamu yake, hulindwa na dhara hilo mpaka mwisho wa safari, hupata pointi 100, na huongezewa zamu. Lakini akiwa mvumilivu akaificha, kisha mpinzani kwa kutojua akamtupia dhara lile lile, basi hapo hapo, bila kungoja zamu, huiweka mezani kwa kishindo. Dhara linaondolewa, zamu inamjia yeye hata kama wako waliokuwa mbele yake, na juu ya zile pointi 100 anaongezewa 300. Jumla ni 400, sawasawa na tuzo la mtu aliyemaliza safari nzima.

Utamu wa mchezo umo humo. Mtoto wa miaka minane aweza kuucheza, kwa sababu karata zinajieleza. Lakini mtu mzima anakaa na tangi la akiba mkononi, limechukua nafasi ya karata moja kati ya sita, akijiuliza: niliweke sasa nipate 100 na usalama, au ningoje? Ameona karata mbili za kuishiwa petroli zimekwisha kutupwa. Imebaki moja tu. Iko kwa nani? Akingoja mno, rundo litakwisha na 300 zitapotea. Naye mpinzani mwenye karata hiyo ya tatu anajiuliza swali hilo hilo kwa upande wake: mbona jamaa huyu hajatupa petroli hata moja? Yuko pia anayejinyima karata za 200, kwa kuwa anayemaliza safari bila kuzitumia huongezewa 300. Aliyemaliza kilomita 1000, akapata 400 za kumaliza, 300 za kutotumia 200, na pigo moja la kushtukiza la 400, ana pointi 2100 katika safari moja. Mshindi ni atakayetangulia kufika 5000, kwa hiyo usiku mmoja huwa na safari kadhaa, na aliyeshindwa ya kwanza hajakata tamaa.

Tumeeleza kanuni hizi kwa Kiswahili cha kawaida, na msomaji ameelewa. Lakini atakuwa ameona kwamba tulikwepa kutaja makundi ya karata kwa majina. Tulisema za kumdhuru, za kuondoa madhara, na zile nne. Makala yaweza kusema hivyo, kanuni haziwezi. Kanuni zahitaji jina moja kwa kila kundi, lirudiwe lile lile kila mahali. Na hapa ndipo penye kazi.

Wafaransa waliyachukua majina yote kutoka uwanja mmoja, nao ni mchezo wa vitara. Karata za kudhuru ni attaques, mashambulio. Za kuondoa madhara ni parades, yaani namna za kulikinga pigo la kitara. Zile nne ni bottes, na botte kwa mcheza kitara ni pigo la ufundi, ambalo huenda mwalimu amemfundisha mwanafunzi wake kwa siri. Na lile tendo la kushtukiza ni coup fourré, ambalo katika vitara ni pale wawili wanapochomana kwa wakati mmoja, na katika maneno ya kawaida ni hila ya kuvizia. Magari yako mezani, lakini maneno ni ya watu wawili wenye vitara mkononi, na hakuna Mfaransa anayeona ajabu.

Mwaka 1962 kampuni ile ile ya Parker Brothers, iliyokwisha kuwa na Touring kwa miaka 37, ilianza kuuchapisha Marekani mchezo wa Kifaransa uliofanana nao. Wafasiri wake waliuacha uwanja wa vitara. Mashambulio yakawa hatari, kinga zikawa dawa au tiba, na zile nne zikawa usalama. Yaani walihama kutoka uwanja wa vita wakaenda uwanja wa maradhi na kujihadhari. Ni uchaguzi wa busara, na ulikamilika isipokuwa mahali pamoja: coup fourré hawakuiweza. Wakaiacha vile vile kwa Kifaransa, na watoto wa Kimarekani wakajifunza kuitamka kila mmoja kwa namna yake. Jina la mchezo nalo halikufasiriwa. Ila kilomita ziligeuzwa maili, na hesabu haikuguswa. Kwa hiyo safari ya Mmarekani, kwa karata zile zile, ni ndefu kuliko ya Mfaransa kwa zaidi ya kilomita 600, na hakuna aliyechoka zaidi.

Mfasiri wa Kiswahili atafuata uwanja gani? Swali hili si la mapambo. Tulitazame kwa neno moja tu, kinga. Tukifuata vitara, au tuseme tukifuata kirumbizi cha Lamu, ambapo fimbo hukingwa kwa fimbo, basi kukinga ni kuzuia pigo linalokuja, na kinga ni jina la lile kundi la petroli, gurudumu na matengenezo. Tukifuata utabibu, mambo yanageuka. Huko kila mmoja wetu amekwisha kusikia kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kwa hiyo gurudumu la akiba, linalokuja baada ya pancha, ni tiba, na kinga ni tairi lisilopasuka. Neno lile lile limehama kutoka kundi moja hadi jingine. Mfasiri atakayechukua neno moja kutoka huku na jingine kutoka kule, kila moja likiwa zuri peke yake, atawapa watu kanuni zisizochezeka. Tumewahi kuona jambo kama hili katika fomu za serikali, ambapo neno moja lilitumika kwa mwombaji katika ukurasa wa kwanza na kwa mdhamini katika ukurasa wa pili, kwa sababu kurasa zilifasiriwa na watu wawili.

Sisi tunauchagua uwanja wa utabibu, na sababu yetu ni ile ya mzungu wa nne. Tunatazama kazi. Karata ya petroli inafanya nini mezani? Inakuja baada ya dhara na kuliondoa mara moja tu. Dhara likirudi, inatakiwa nyingine. Hiyo ni kazi ya tiba. Tangi la akiba linafanya nini? Huwekwa mara moja na kuzuia daima. Hiyo ni kazi ya kinga, na mama yeyote aliyempeleka mtoto kuchanjwa anaijua tofauti bila kufundishwa. Basi yawe madhara, tiba na kinga. Karata za masafa zibaki masafa.

Wako watakaouliza kwa nini tusizitumie zile nne neno turufu, ambalo ni letu kwa muda mrefu na lina utamu wake. Tulilifikiria na tukaliacha. Turufu hula. Kazi yake yote ni kuishinda karata nyingine na kuichukua, na mchezaji wa karata akilisikia neno hilo atangoja kula. Katika mchezo huu hakuna karata inayokula nyingine, na pointi hazitokani na karata ulizozila. Jina zuri linalomwahidi mtu kitu kisichokuwapo ni baya kuliko jina lisilo na utamu.

Katika karata mojamoja tusijitese bila sababu. Pancha ni pancha kuanzia Lamu hadi Kigoma. Anayetaka kuandika mtoboko wa tairi aulize kwanza gereji ya jirani. Gurudumu la akiba linaeleweka, na spea nayo inaeleweka. Katika karata tungeandika la kwanza kwa kuwa linawafaa watoto wa shule. Bingwa wa usukani ametugharimu zaidi. Wafaransa humwita as, nalo ni jina la ree ya karata na pia ni sifa ya hodari aliyewapita wote. Mchezo huo wa maneno hauwezi kuhamishwa, maana ree kwetu haijawa sifa ya mtu. Unapotea, na hakuna hasara: karata inafanya kazi yake bila huo.

Karata ya taa ya kijani ina tatizo jingine. Mchoro unaonyesha taa, na mwalimu wa udereva angependa iitwe taa. Lakini tazama inavyotumika. Huwekwa mwanzo wa safari, kabla taa nyekundu haijaonekana. Huwekwa baada ya ajali, baada ya pancha, baada ya kupata petroli. Kazi yake si kuijibu taa nyekundu tu, bali kuliondosha gari kila linaposimama kwa sababu yoyote. Wafaransa waliliona hilo wakaiita kwa amri, Roulez, yaani endesheni. Amri hiyo tunayo, tena tunaisikia kila siku utingo anapoligonga bati la basi: Twende. Tunapendekeza karata hiyo iandikwe Twende, na mwenzake wa taa nyekundu aandikwe Simama. Wachezaji wanaocheza wawili wawili watakuta kwamba Twende inamchukua na mwenza wake, jambo ambalo Nenda isingelifanya.

Michoro ya wanyama katika karata za masafa haihitaji kuguswa, ingawa inachekesha. Kilomita 25 ni konokono, 50 ni bata, 75 ni kipepeo, 100 ni sungura, na 200 ni mbayuwayu. Mwenye kuuzoea Kiswahili angemtazamia kinyonga mahali pa konokono, na angecheka kumwona sungura akipewa mwendo wa kasi, kwani sungura wa hadithi zetu hushinda kwa akili, na mbio alishindwa na kobe. Lakini picha ni picha. Anayecheza hulitaja tarakimu, halimtaji mnyama.

Imebaki ile iliyowashinda Wamarekani. Coup fourré ni istilahi ya namna ya pekee, kwa sababu haisomwi, hupigiwa kelele. Pigo la kushtukiza, tulivyoiita juu, lafaa kuandikwa, lakini hakuna mtu atakayeruka kutoka kitini akisema pigo la kushtukiza. Linatakiwa neno fupi, lenye kubeba maana ya kutongoja zamu, kwani ndiyo kazi yake. Tumejaribu kisasi, tukaona linaeleza uchungu wala halielezi wakati. Tumejaribu pigo la kurudisha, likawa refu, tena si kweli kwamba pigo humrudia aliyelipiga. Yeye hapotezi kitu isipokuwa karata yake na zamu. Tunaona lifaalo ni papo hapo. Mchezaji aweke kinga yake mezani aseme Papo hapo! na katika kanuni liandikwe pigo la papo hapo, na katika karatasi ya hesabu liandikwe papo hapo, pointi 300. Hivyo neno la kelele, la kanuni na la hesabu linakuwa moja.

Kanuni ya tendo hilo yahitaji uangalifu hata katika vitenzi. Rasimu nyingi za kanuni hujaa neno anaweza. Mchezaji anaweza kuicheza kinga yake. Je, maana yake ana uwezo, ana ruhusa, au yamkini atafanya? Tukitaka kusema ruhusa, tuandike ana haki ya. Tukitaka kusema lazima, tuandike hana budi. Na neno anaweza tuliachie uwezo peke yake. Basi: Mchezaji aliyewekewa dhara, akiwa na kinga yake mkononi, ana haki ya kuiweka papo hapo kabla ya kuchukua karata nyingine, akishachukua karata, haki hiyo imekwisha. Sentensi hiyo yaweza kusomwa na mtoto, na wakili hataipata tundu.

Mwisho ni jina la mchezo. Kilomita Elfu ndiyo tafsiri sahihi, na vipimo vyetu ni vya kilomita. Lakini borne ni jiwe, na mawe ya njiani pwani na bara yaliingia katika Kiswahili kwa hesabu ya maili. Kibaha pako Maili Moja, Eldoret pako Maili Nne. Nchi zetu zilihama vipimo, mahali hapo hapakuhama majina, na mkazi wa Maili Moja akitaja kwao hafikirii urefu hata kidogo. Maili kwetu imekuwa kama borne kwa Wafaransa, neno la hesabu lililogeuka kuwa neno la mahali penye jiwe. Ndiyo maana tumeandika Maili Elfu juu ya makala haya. Kwenye karata zenyewe, hata hivyo, tarakimu zifuatwe na herufi km, na wasahihishaji wa chapa waangalie sana ile ya 25, ambayo zimo kumi na kosa moja litarudiwa mara kumi.